Mpiga Picha wa Viporo

Mwaka 1991, masika yakiwa yanaaga na mihogo ya kwanza ikiwa imekwisha kung'olewa, nikiwa na umri wa miaka arobaini na miwili na ujane wa miaka mitatu, mwanamume mmoja alisimama nje ya uzio wangu wa minyaa akapiga hodi kwa ajili ya jiwe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 19 Mei. Nilichelewa kusoma. Kalamu niliishika kwa mara ya kwanza katika darasa la watu wazima, mtoto wangu wa pili akiwa mgongoni, na mtu aliyeipata tarehe kwa jasho namna hiyo haiachi ipotee ovyo.

Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa mvi zilikuwa zimekwisha kumzunguka masikio. Aliitikia, akavua kofia, akauliza yale mawe ya ukingoni mwa ziwa ni ya nani. Nilitaka kujua kwa nini aniulize mimi. Akasema mzee mmoja aliyekutana naye njiani alikuwa amemwambia apite tu, mawe hayana mwenyewe.

"Nami nilipofika nikakuta pamefagiliwa," akasema. "Mahali palipofagiliwa hapakosi mwenyewe, mama."

Mzee huyo wa njiani nilimjua pasipo kutajiwa. Alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Eneo lile, upande wa kusini kupita Nyegezi, mimi na marehemu tulilifyeka sisi wenyewe likiwa pori la chatu na pimbi; hakuna baba wala babu wa ukoo aliyewahi kulima hata tuta moja pale. Lakini tangu tulipomzika mume wangu mwaka 1988, shemeji alikuwa akisema taratibu, kilabuni na misibani, kwamba ardhi ile ni ya ukoo na mimi ni mlinzi tu, nimeachiwa niitunze mpaka wenyewe watakapoihitaji. Nilikuwa na mabinti wawili, sikuwa na mtoto wa kiume. Hati sikuwa nayo. Nilikuwa na ufagio.

Jiwe lenyewe ni pana kama uwanja wa kupuria mpunga, linashuka polepole hadi majini, na nyuma yake yamesimama mawe matatu makubwa yaliyopandana kama mafiga ya jitu. Juu ya lile pana ndipo ninapoanika udaga, ile mihogo iliyovundikwa ikavunjwavunjwa kwa ajili ya ugali. Siku ile udaga ulikuwa umetandazwa jiwe zima. Mgeni hakuukanyaga. Aliuzunguka, akaweka mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniaga. Hakuwa na kamera. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mpiga Picha.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Inatosha kujua kwamba alitoka mwambao wa Mara, na kwamba katika kinywa chake herufi mbili zilibadilishana viti zilivyotaka, hata kamera ikawa kamela. Studio yake ilikuwa chumba kimoja Kirumba, si mbali na soko la samaki, nyuma ya pazia lenye picha ya ndege ya abiria na ngazi ya kupandia. Watu wengi wa Mwanza, ambao hawajawahi kukaribia ndege, wana picha wakiwa wameweka mguu kwenye ngazi ile. Kisha miaka ya ruksa ikafika. Bidhaa zikajaa madukani, mashine za kusafisha picha za rangi zikaletwa mjini, na kila kijana aliyepata kamera ya mtumba akajiita mpiga picha. Wenzake wa zamani walinunua mapazia mapya yenye maporomoko ya maji na majumba ya Ulaya. Yeye alilishusha lake akaenda kufunikia kuni. Niliwahi kuiona ile ndege ikipaa juu ya rundo la kuni nyuma ya nyumba yake, imenyeshewa mpaka rubani ametoka ndevu za ukungu.

"Mwanza nzima ni studio," aliniambia, "na mimi nilijifungia chumbani na ndege ya rangi."

Akaanza kutembea. Ukimkuta njiani ungedhani anatafuta ng'ombe aliyepotea. Alivaa kandambili za tairi, alibeba mwavuli hata kiangazi, na mfukoni alikuwa na kipande cha boksi la sabuni alichokitoboa katikati tundu la mraba, akakiinua mbele ya jicho moja kila alipofika mahali papya. Mahali hapo angerudi tena kiangazi, na tena wakati wa vuli, na tena masika, asimpeleke mtu mpaka ameona sura zake zote. Alisema mtu haoi mwanamke aliyemwona mara moja tu akiwa amevaa vizuri. Alizijua tambarare za Kisesa pamba inapopasuka, wakati ambapo shamba zima humrudishia mtu mwanga usoni. Alijua kilima kimoja cha Nyegezi ambapo upepo wa ziwa hufika bila vumbi, shela ikatulia. Na mwalimu wake katika mambo ya mwanga alikuwa pimbi.

"Mtazame pimbi anapoota jua asubuhi," alisema. "Hajawahi kukosea. Pale alipokaa yeye, mkalishe bibi harusi."

Mambo yaliyowapendeza watu wote yeye hayakumgusa. Jua la kuchwa juu ya maji hakulipiga kabisa, kwa maelezo kwamba ziwa likijipamba sana mtu hupotea. Magugu maji yalipoanza kuzifunika ghuba zetu kwa maua yake ya zambarau, maharusi walimsihi awapige mbele yake, naye akakataa kwa ukali. Alisema hayo ni maua ya mgeni aliyeingia kulala akala nyumba. Wala hakuruhusu mtu kupanda juu ya jiwe akainua mikono kama aliyeshinda vita. Aliwapanga watu chini, wameegemea. Jiwe ndilo mwenyeji, aliwaambia, mgeni hakai mabegani mwa mwenyeji.

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na nisipoyataja nitakuwa nimempaka rangi kama lile pazia lake. Mtu huyu aliyezaliwa akisikia mawimbi aliyaogopa maji. Aliyapiga picha akiwa amesimama mbali nayo, na akipanda kivuko hutamsikia akizungumza mpaka mguu umegusa nchi kavu. Aliwahubiria watu heshima ya mahali, lakini kwa wapiga picha wenzake alikuwa mchoyo na mwongo wa waziwazi. Kijana mmoja aliyemwuliza pamba ile nzuri iko wapi alimwelekeza hadi kwenye matete ya kinamasi, na huyo kijana akarudi na kiatu kimoja. Aliwakemea maharusi kwa kujipodoa, ilhali yeye, kuanzia mwaka 1993, alizipaka nywele zake rangi nyeusi, na mvua ikinyesha kola yake ilitoa ushahidi.

Lakini lililompa jina mjini lilikuwa jingine. Alikuwa Msabato, wa wale wasiowasha moto Jumamosi, na sote tunajua harusi hufungwa lini. Wenzake walisema amekufa njaa tayari. Yeye akawaambia maharusi waliomtaka: ogeni, laleni, kesho yake vaeni tena nguo zenu tutoke. Wakamcheka, wakamwita mpiga picha wa viporo. Jina hilo halikumuudhi hata kidogo.

"Pilau gani tamu kama ya siku ya pili?" aliuliza. "Jumamosi bibi harusi anavaa uso wa mashangazi zake. Jumapili anavaa wake."

Ilikuwa kweli. Walifika bila msafara wa ngoma, wamechoka kidogo, wameanza kuzoeana, wakicheka mambo ambayo sisi wengine hatukuyajua. Na kwa kuwa Jumapili haina haraka, alipata muda wa kuwafanyia jambo ambalo hakuna mpiga picha mwingine wa Mwanza aliyelifanya: kuwafundisha kuomba.

Kwangu ilikuwa hivi. Wakifika kwenye uzio wa minyaa, yeye alisimama, akaweka mkoba wake chini, akamwashiria bwana harusi. Ilikuwa juu ya bwana harusi kupiga hodi. Nami nikitoka, bwana harusi alijitaja jina na atokako, bibi harusi akapiga goti kidogo, kisha mmoja wao akasema, "Mama, tunaomba jiwe." Nami nilijibu, "Jiwe lipo. Msiandike majina, msivunje, udaga muuzunguke." Fedha sikupokea. Nilipokea salamu, wakati mwingine na kipande cha sabuni, na wapo walioniletea pande la keki yenyewe, ambayo kwa wakati ule wengi wetu tulikuwa tukiisikia tu.

Mwanzoni niliona aibu. Nilimwambia awalete tu, asiwasumbue watu kwa mwanamke mmoja na jiwe lake.

"Simfanyii mtu adabu ya bure, mama Kabula," alinijibu. "Aliyeomba akakaribishwa husimama kwa raha. Aliyejipenyeza husimama kama mwizi, hata akiwa na tai. Na kamela inaona."

Mara nyingi aliniomba na mimi nisimame nimpe picha moja. Nilimwambia mimi ni mjane, si mandhari. Alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo, akimwona mtu amejisahau mbele ya kamera amekauka kama mti, alimwambia, "Wewe nawe usiwe mandhari, sogea."

Hivyo ndivyo watu walivyokuja kwangu mwaka hata mwaka, wa Kirumba, wa Nyegezi, wa Kisesa na wa mbali zaidi: walimu, makarani, wachuuzi wa dagaa, vijana wa viwanda vya minofu. Shemeji yangu aliyaona hayo akiwa kwake, ng'ambo ya shamba la mihogo, akanyamaza. Nilidhani anayadharau. Sasa najua alikuwa hajayaelewa, na hata mimi sikuwa nimeyaelewa.

Kisha shemeji mwenyewe akaoza binti. Harusi ilifungwa Jumamosi, na kesho yake, tarehe 18 Septemba 1994, bibi harusi akataka picha za mawe kama wenzake. Nilikuwa nimealikwa kwenye sherehe na nilikuwa nimerudi nyumbani kupumzika. Nikasikia gari, kisha sauti. Shemeji alikuwa ametangulia mbele ya watu, pamoja na wakwe zake wapya wa Kisesa, wafugaji, watu wa kuheshimiwa; na akaanza kukata njia pembeni ya uzio kuelekea ziwani.

Mpiga Picha aliweka mkoba chini.

"Mzee, tunapiga hodi kwanza."

"Hodi ya nini? Hapa ni kwetu."

"Kila bwana harusi hupiga."

"Huyu ni mgeni, hajui. Na mimi ndiye baba wa binti. Twende."

"Basi mzee, kama ni twende, nenda. Kamela hii hapa, piga wewe." Na akakaa juu ya mkoba wake, akafungua mwavuli.

Jua lilikuwa la Septemba. Shela ilianza kumshika bibi harusi shingoni, na mama yake, ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa wala hatamu, alimwambia mumewe mbele za watu kwamba kama hodi inauma, aitamke polepole. Wakwe walitazama chini kwa adabu. Mtu anaweza kumpuuza mpiga picha, anaweza hata kumpuuza mke. Lakini mbele ya wakwe, siku ya pili tu ya ukwe, hawezi kusimama juani akibishana na mwavuli. Shemeji akarudi kwenye uzio, akakohoa.

"Hodi, shemeji. Tunaomba jiwe."

Nikamjibu kama nilivyowajibu wote. Nilimwambia jiwe lipo, udaga wauzunguke.

Picha zilitoka nzuri mno. Katika zote, shemeji ametabasamu.

Nafika sasa kwenye jambo lililotuharibia. Mwishoni mwa mwaka 1995 mfanyabiashara mmoja wa mjini alitaka kuchapisha kalenda ya duka lake, akamwomba Mpiga Picha picha moja nzuri ya ziwa. Mpiga Picha akaja kwangu amevaa shati lililopigwa pasi. Aliniambia kwamba katika kutembea kwake kote, tangu alipoitupa ile ndege, hakuona mahali panapozidi hapa. Nilijisikia fahari, sitaficha. Akapiga hodi, akaomba jiwe, nikampa. Kisha akainua kile kipande cha boksi, akatazama, akakishusha.

"Mama Kabula," akasema, "kwa leo tu, naomba tuondoe udaga."

Tukauondoa pamoja, tukaufagia mpaka punje ya mwisho. Akahamisha ungo wangu. Akahamisha ile ndoo iliyokuwa ikikaa siku zote chini ya mafiga. Mimi mwenyewe nilisogea nyuma yake, ili hata kivuli changu kisiingie. Likabaki jiwe, maji, na ndege mmoja wa majini, mnandi, ameanika mabawa.

Kalenda ya mwaka 1996 ilitundikwa Mwanza yote. Niliiona dukani, niliiona zahanati, niliiona hata kwa kinyozi. Na katika mwezi wa Februari alifika mgeni mwenye gari jeupe, mtu mpole, aliyetaka kujenga hoteli. Alikuwa ameikunja kalenda kwapani. Hakufika kwangu kwanza. Aliuliza kijijini, akaelekezwa kwa shemeji, na shemeji akamwambia maneno yale yale aliyomwambia Mpiga Picha mwaka 1991: pita tu, hapana mwenyewe; safari hii akaongeza kwamba ni pa ukoo. Nilipotoka nikawakuta wanachomeka vigingi kulizunguka jiwe. Nilipomwuliza mgeni yule kama hakujua kwamba pana mtu, aliifungua kalenda kwa upole akanionyesha.

"Kwenye picha hapana mtu, mama," alisema.

Nilikwenda Kirumba kesho yake. Mpiga Picha alikuwa amekaa mlangoni pake akisafisha lenzi kwa ncha ya shati. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima, lakini nilipofika nilisema moja tu.

"Uliniondoa."

Hakujitetea, wala hakuniuliza ninamaanisha nini. Naona alikuwa amekwisha kuambiwa habari za vigingi.

"Nilikuondoa, mama," alisema.

Niliondoka bila kuaga, na sikurudi.

Baadaye nilisikia kwamba alikuwa akizunguka Kirumba duka kwa duka akiomba kalenda zile zishushwe, na watu wakimcheka: "Fundi, mwaka haujaisha, tutajuaje leo tarehe ngapi?" Sehemu nyingine alifanikiwa. Kinyozi alimkatalia. Kwenye mwambao wetu hakukanyaga tena. Jumapili zikawa kimya, nami nikaendelea kufagia jiwe lililozungukwa na vigingi vya watu wengine, na kuanika udaga wangu katikati yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia niache, na angeniambia nisingeacha.

Shauri nililipeleka kwenye baraza la usuluhishi la kata mimi mwenyewe. Liliahirishwa, likaahirishwa tena. Shemeji alikuja kila mara amevaa koti, na maneno yake yalikuwa matamu. Alisema ananipenda, hajanifukuza, nami sina mtoto wa kiume. Alisema mlinzi mzuri husifiwa, lakini halindi mpaka shamba likawa lake. Mabinti zangu walinishauri nikubali chumba kimoja pembeni ya hoteli. Niliwaambia kwamba mtu aliyefyeka pori haombi chumba ndani yake. Walipoondoka, hata hivyo, nilikaa kwenye kizingiti na kujiuliza nitaanika wapi.

Wajumbe wa baraza wakaamua kuja kuliona eneo. Ilipangwa Jumamosi, tarehe 15 Agosti 1998. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Niliamka nikafagia. Udaga sikuuondoa.

Wajumbe walifika asubuhi, wazee wanne na mama mmoja wa makamo, wakakaa kwenye ukingo wa jiwe wenye kivuli. Shemeji alikuwa amekwisha fika. Kisha, kabla mwenyekiti hajafungua, nilianza kuona watu wakitokea njiani, wawiliwawili, wengine na watoto, wakisimama nje ya uzio. Nyuma yao alikuwa yeye, na mwavuli wake, amevaa nguo za ibada. Nywele zilikuwa zimerudi kuwa nyeupe. Mikono ilikuwa mitupu. Nilikuwa sijamwona Jumamosi hata moja tangu nimfahamu, na sikuwa nimemwita. Mama mmoja wa Kirumba alininong'oneza kwamba amewazungukia kiangazi chote, nyumba kwa nyumba, akiwaambia neno moja tu: njooni mseme mlichokisema mlangoni.

Shemeji alieleza yake, naye mwenyekiti akamwuliza Mpiga Picha, kwa kuwa ndiye aliyeileta hadhara ile, kama ana picha za kuonyesha.

"Picha ninazo, mwenyekiti, lakini zinaonyesha jiwe tu," alisema. "Hodi haipigiki picha. Waulize waliopiga hodi."

Wakaulizwa. Mwalimu wa Nyegezi alisema alipiga hodi kwa mama huyu, akajitaja jina kama mtu anayeandikishwa shule. Mama wa Kirumba alisema bwana wake alisahau maneno, wakacheka. Mwingine alisema aliambiwa asiandike jina, naye hakuandika, japo kalamu alikuwa nayo. Hakuna aliyesema jambo kubwa. Walisema lile lile, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti mbalimbali, mpaka mjumbe mmoja akaanza kuitikia kwa kichwa kabla hawajamaliza.

Shemeji alisema hao ni wageni, wanaomba kwa yeyote anayetoka mlangoni.

Ndipo mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia akasogea mbele. Nilimtambua kwa kofia. Alikuwa mkwe wake wa Kisesa.

"Mkwe, unisamehe," alisema, bila kumtazama. "Siku ile jua lilikuwa kali na mimi nilisimama nyuma yako. Nilikusikia ukisema, hodi shemeji, tunaomba jiwe. Nilijiuliza kimoyomoyo, mkwe wangu anaomba cha kwake?"

Mwenyekiti alimgeukia shemeji. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Mpiga picha aligoma."

Watu walicheka, hata yeye nusura acheke. Mwenyekiti hakucheka.

"Na kama shemeji yako angekukatalia?"

Shemeji alifungua kifungo cha juu cha koti. Nataka kumtendea haki: alikuwa mtu mwenye tamaa, lakini mbele ya mkwe wake hakuweza kusema uongo.

"Tungerudi," alisema.

Wajumbe walisogea pembeni wakateta. Waliporudi, mwenyekiti alitamka kwamba eneo lile ni la mwanamke aliyelifyeka pamoja na mumewe, naye akiondoka ni la mabinti zake. Na kwamba vigingi ving'olewe siku hiyo hiyo na mkono uliovichomeka. Yule mama mjumbe aliongeza kwamba vinafaa kuni. Shemeji alivua koti lake, akalikunja vizuri juu ya nyasi, akaanza na kigingi cha kwanza. Mkwe wake alimsaidia.

Watu walikuwa wakiaga. Mpiga Picha alikuwa amebaki palepale nje ya minyaa. Alikuwa ametoa ushahidi wake wote akiwa upande ule, na mimi sikuwa nimeliona hilo mpaka wakati huo. Nilisogea, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nilimwambia chai iko motoni, apite.

"Sijabisha hodi, mama."

"Umesimama hapo tangu asubuhi."

"Kusimama si kubisha," alisema. Akafunga mwavuli, akavua kofia, akasimama sawasawa kama walivyosimama wale mabwana harusi wake wote. "Hodi hapa."

Ningeweza kumjibu mara moja. Lakini shemeji alikuwa ameinama juu ya kigingi cha mwisho, karibu kabisa nasi, na wajumbe walikuwa hawajafika mbali njiani. Nilirudi nyuma hatua kadhaa mpaka kwenye kizingiti changu, mahali anapostahili kusimama mwenye nyumba anapobishiwa hodi, nikanyoosha kanga yangu, nikaacha sauti yake ifike kila ilikopaswa kufika. Akapiga ya pili. Kigingi kikatoka.

"Karibu," nilisema.